Mazoea ya Nyamizi

Nyamizi alizitambua nyayo zile papo hapo, maana zilikuwa zake. Hatua tatu fupi baada ya mlango, kusita kidogo penye mfereji wa mafuta, kisha hatua ndefu za mtu asiye na wasiwasi, moja kwa moja hadi njia namba mbili. Hivyo ndivyo alivyoingia yeye karakanani kila asubuhi kwa miaka mitatu. Ila asubuhi hii yeye alikuwa ameketi kwenye benchi akifunga kamba za viatu, na aliyekuwa akitembea ni mtu mwingine.

"Jamani, hebu mwoneni Wande!" fundi mmoja alipaza sauti kutoka juu ya behewa. "Siku ya tano tu huyu!"

Wakampigia makofi. Wande akacheka, akapunga mkono upande ambao hapakuwa na mtu.

"Huku, dada, siyo huko!" yule fundi akasema, na wote wakaangua kicheko wakidhani anawatania.

Nyamizi naye alipiga makofi mawili, akaacha. Fulana aliyovaa ilimchora Wande tumboni mwake, kidoa cha mibonyezo kilichotoka kulia kwenda kushoto, chepesi, bila kugusa nguzo wala ngazi. Siku ya tano! Yeye siku ya tano alikuwa bado anagonga paji la uso kwenye mlango wa choo chake mwenyewe.

Mji mzima wa Tabora uliiita fulana, ingawa sanduku ilimoletwa liliandikwa jina refu. Mabegani ilikuwa na kamera mbili ndogo. Ndani, upande unaogusa ngozi, ilikuwa na vibonyezo elfu nne, kila kimoja mfano wa kichwa cha pini. Kilicho mbele yako kilichorwa tumboni, kilicho nyuma kilichorwa mgongoni. Lakini fulana mpya ni mjinga mtupu. Inabonyeza kila kitu kwa nguvu moja: ukuta, inzi, kivuli, mvuke wa chai. Anayeivaa lazima aifundishe kwa kujigonga kifuani. Mara moja, kishike hiki. Mara mbili, kipuuze. Kitu kwa kitu, siku kwa siku, mpaka fulana na ngozi vielewane. Kule kuelewana ndiko kulikoitwa mazoea.

Mazoea ya Nyamizi yalimchukua miaka miwili. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake mtaani Isevya wakati presha ya macho ilipomaliza nuru yake, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Kaka yake, Masanja, akawa anamshika kifundo cha mkono kila aendako. Alikuwa mtu mwema sana Masanja, lakini alimshika kama mtu anayevuta mbuzi. Fulana ilipokuja, Nyamizi alitumbukia kwenye mitaro yote ya Isevya. Siku moja aliingia nyumba ya watu, akaketi, akasalimia, akaanza kuvua viatu. Miundi yake mpaka leo ilikuwa na makovu yanayofuatana kama vituo vya reli. Kisha ikaja Jumamosi moja akaenda sokoni peke yake, akanunua karanga na chupa ya asali, akarudi, akafunga mlango, akalia kwa furaha mpaka akachoka.

Baada ya hapo ndipo kampuni ya Mkuza ilipomwajiri. Treni za Mkuza zilielea juu ya sumaku, na chini ya kila behewa kulikuwa na pedi nyeusi zilizopakwa utando unaoteleza. Nyufa zake zilikuwa nyembamba kuliko unywele. Mashine zilidanganywa na ule utando, na mafundi wenye macho waliamini macho yao kuliko vidole. Watu waliozoea kusoma nukta nundu kwa vidole kila siku ndio waliozigundua nyufa. Nyamizi alikuwa mkaguzi wa kwanza asiyeona, na kwa miaka mitatu alikuwa wa pekee.

Mpaka Mkuza walipopata njia ya kunakili mazoea.

*

Bi Tunu Kasanga, meneja wa karakana, ndiye aliyemwita ofisini mwezi uliopita.

"Nyamizi, mdogo wangu, kuna vijana wengi wamekaa majumbani," alimwambia. "Ukituruhusu tunakili mazoea yako, mwenzako hatateseka ulivyoteseka wewe. Idhini ni yako. Ndani ya siku tisini ukitaka kuiondoa, unaiondoa, na mazoea yanafutika kwa aliyepewa."

Nyamizi alikubali kwa moyo mweupe. Alijiona shangazi mwema. Fomu ilisomwa kwa sauti, maswali kumi na manne. Swali la kumi na moja liliuliza kama kuna kitu chochote cha hatari alichowahi kuifundisha fulana ikipuuze. Ilibidi waulize hivyo, kwa sababu mazoea hayasomeki. Yamekaa ndani ya fulana kama lugha ilivyokaa kinywani mwa mtu. Unaisema vizuri, lakini huwezi kuimwaga mezani ukaihesabu.

"Hakuna," Nyamizi alijibu. Wala hakusema uongo siku ile. Alikuwa amesahau.

Sasa Bi Tunu alikuwa amewakusanya wafanyakazi mbele ya njia namba mbili.

"Jana," alisema, "Wande amekuta ufa kwenye pedi ambayo ilishakaguliwa. Treni ilikuwa imebakiza saa moja iondoke na watu mia nne."

Hakutaja aliyeikagua. Haikuhitajika. Wakaguzi walikuwa wawili tu.

"Na kwa kuwa Wande alikuwa mwalimu wa hesabu, na ripoti zake zinaeleweka mara moja, kuanzia Jumatatu atakuwa kiongozi wa zamu ya ukaguzi. Nyamizi, wewe ndiye uliyetufungulia njia. Tunakushukuru sana."

Nyamizi alisimama akitabasamu. Aliuhisi mdomo wake ukitabasamu, kama umeazimwa. Kama ufa ule ungegunduliwa na mashine, angeumia kidogo. Kama ungegunduliwa na mzee mwenye uzoefu, angeomba afundishwe. Lakini huyu wa siku tano, anayetembea na miguu ya mwenzake, tena vidole vyake, ambavyo havikunakiliwa popote, vinashinda vya Nyamizi! Angalau vidole angemwachia.

*

Mchana Wande alimfuata kantini, akaketi mbele yake bila kupapasa kiti.

"Dada Nyamizi, shikamoo."

"Marahaba. Hongera."

"Nimekuja kukuomba radhi, dada. Ule ufa sikutaka usemwe mbele za watu. Nilimwandikia Bi Tunu peke yake."

"Kazi ni kazi," Nyamizi akasema, akakoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogeka.

"Na nilitaka nikwambie jambo." Wande akasogeza kiti. "Jana nilikwenda kumchukua mwanangu shuleni. Mwenyewe. Tangu nitoke hospitali, miezi minane, nilikuwa nampokea mlangoni tu, mama yangu ndiye anayemleta. Jana aliniona getini. Akaniambia, mama, umepotea? Nikamwambia, hapana, nimekuja kukuchukua. Dada, ni wewe uliyenipeleka pale. Kila hatua nilijua kuna mtu ameshaanguka kwa ajili yangu."

Mwingine angeyapokea maneno yale kama zawadi. Nyamizi aliyasikia kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vyake vilivyoibwa. Miezi minane! Yeye Jumamosi yake ya karanga na asali aliisubiri miaka mitatu na nusu tangu apofuke.

"Ulipofuka kwa nini?" aliuliza, ilimradi aseme kitu.

"Homa ya uti wa mgongo. Wiki moja ilinitosha. Ilichukua macho na sikio hili la kushoto. Ndiyo maana wananicheka, nageukia upande usiokuwa. Mwenye sikio moja anasikia vizuri tu, dada, ila hajui sauti inatoka wapi."

Kijiko cha Nyamizi kilisimama.

Winchi!

Ilimrudia yote kwa mkupuo. Wiki yake ya kwanza karakanani, ile winchi kubwa ya darini, mashine ya kunyanyua mizigo kwa mnyororo, ikipita na fremu ya sumaku ya tani mbili. Fulana ilimbana kuanzia mabega hadi kiunoni kwa nguvu iliyompigisha magoti, mbele ya mwendesha winchi, akajikojolea. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alijigonga kifuani mara mbili, puuza, puuza, puuza, mpaka fulana ikakubali kwamba kila kilicho juu ya kichwa si kitu. Yeye hakuihitaji kwa hilo. Alikuwa na masikio mawili mazima. Mnyororo wa winchi ukilia tu, alijua uko wapi na unaelekea wapi. Akaisahau aibu ile kama mtu anavyosahau jambo analolikimbia.

Na sasa Wande alitembea chini ya winchi ileile, juu ya kichwa chake pakiwa patupu kwa fulana, na akiwa na sikio moja.

Maneno yalipanda hadi kooni. Yalikuwa machache, hayazidi kumi. Angeyasema, Wande angevuliwa fulana alasiri ile ile mpaka irekebishwe, na Bi Tunu angejua kwa nini, na karakana nzima ingejua habari ya magoti na suruali iliyolowa. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini chini ya hayo kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kigumu, ambacho hakikuwa aibu. Hakutaka tu kumpa Wande kitu kingine tena.

"Uji umepoa," alisema, akainuka.

*

Alikaa kimya siku tisa.

Alijifariji kwa hesabu. Zamu ya Wande ilikuwa njia namba mbili, na winchi ilifanya kazi zaidi njia namba tano. Mwendesha winchi, Maganga, alikuwa mtu makini, na kengele ilikuwepo. Kesho atasema. Au Jumatatu. Kila asubuhi alikuja kazini mapema, akaketi kwenye benchi, akasikiliza nyayo zake zikiingia mlangoni kwa miguu ya mtu mwingine, na kila asubuhi neno likarudi tumboni.

Siku ya sita alimpigia Masanja.

"Kaka, naweza kuiondoa ile idhini. Mazoea ni yangu."

"Yule binti akiondolewa itakuwaje?"

"Ataanza upya. Kama mimi."

"Amekukosea nini, Nyami?"

"Hajanikosea."

"Basi nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Siku ile ulipokwenda sokoni peke yako, nilikuona. Nilikuwa nyuma yako, hatua ishirini hivi. Nilikuwa naomba uanguke. Siyo uumie. Uanguke tu, uniite."

"Kaka!"

"Ndiyo. Kisha nikakuona unaonja asali, unabishana na muuzaji, nikaona haya, nikarudi nyumbani. Sijui sababu ya kwako ni ipi. Mimi yangu ndiyo hiyo."

Nyamizi alikata simu bila kuaga. Alikasirika na kaka yake siku nzima, na hasira ile ilimsaidia asifikirie.

Siku ya kumi, treni ya kutoka Mwanza iliingia na pedi iliyopasuka kabisa. Ikapelekwa njia namba tano, na kiongozi wa zamu akaitwa.

Nyamizi alikuwa amelala chali chini ya behewa, njia namba mbili, aliposikia nyayo zikimpita. Hatua ndefu, zisizo na wasiwasi. Juu, mbali kidogo, mnyororo ukaanza kulia. Alijua mara moja: fremu ya sumaku, mzigo mzito, inaelekea huku huku. Kengele ikapigwa.

Nyayo zikasimama.

Angekuwa mtu yeyote mwingine angerudi nyuma hatua mbili. Wande alisimama akigeuza kichwa kushoto na kulia, akiitafuta kengele, kisha akapiga hatua mbele, kuiendea.

"Wande!" Nyamizi alijiburuta kutoka chini ya behewa, akakwaruza kichwa, akakimbia. "Lala chini! Lala! Maganga, simamisha!"

Maganga alivuta breki. Mnyororo ukapiga kelele, lakini tani mbili hazisimami kwa kuambiwa. Zilibembea mbele. Nyamizi alisikia mlio mmoja mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini, kisha mwili ukianguka. Fulana yake, iliyomchorea Wande akiwa chini, haikumchorea kabisa kile kilichokuwa kinaning'inia hewani juu yao wote wawili.

*

Bega la kulia na mtulinga, ule mfupa wa kati ya bega na shingo. Madaktari walisema mkono utapona, ila siyo haraka.

Kikao cha uchunguzi kilikaa siku ya tatu. Mhandisi kutoka makao makuu alisoma matokeo yake kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kamera zilikuwa nzima. Vibonyezo vilikuwa vizima. Mazoea yaliyotumika ni yaleyale aliyotumia mkaguzi mwenzake kwa miaka mitatu bila ajali. Kengele ilipigwa, na mfanyakazi, badala ya kurudi nyuma, alikwenda mbele.

"Kwa hiyo ni uzembe," alimaliza. "Napendekeza ajira yake isitishwe. Na mpango wa kunakili usimame, kwa kuwa inaonekana si kila mtu anaufaa."

"Nyamizi," Bi Tunu akasema taratibu, "zamu itabaki kwako. Una la kuongeza?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana. Hakuhitaji kusema uongo wowote. Alihitaji tu kufanya alichofanya kwa siku kumi, yaani kukaa. Na lile jiwe dogo gumu tumboni lilikuwa bado lipo, na lilifurahi. Hilo ndilo lililomtisha. Wande amelala hospitali na mfupa umevunjika, na yeye bado ndani yake kuna kitu kinachofurahi.

Akasimama.

"Swali la kumi na moja," alisema. "Jibu langu si kweli. Niliifundisha fulana ipuuze winchi. Kila kilicho juu. Niliogopa, nikaanguka, nikajikojolea, Maganga anakumbuka. Siku ya fomu nilikuwa nimesahau. Lakini siku kumi kabla ya ajali nilikumbuka, na Wande mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba ana sikio moja. Nikanyamaza."

"Kwa nini?" Bi Tunu aliuliza.

"Wivu," Nyamizi akasema. Alikuwa ameandaa maneno mengine marefu, lakini hilo moja lilitosha.

Mhandisi alikohoa. Bi Tunu alimwambia avue kitambulisho cha ukaguzi akiweke mezani, na kwamba Mkuza itamwandikia. Sauti yake haikuwa tena ya kumwita mtu mdogo wangu. Pendekezo la kumwachisha Wande kazi lilifutwa dakika ile ile.

*

Hospitali alikwenda alasiri iliyofuata, na habari zilikuwa zimemtangulia. Alipofika mlangoni mwa wodi, kabla hajabisha, Wande alisema, "Ingia. Nyayo zako nazijua."

Nyamizi aliingia. Hakuketi, maana hakukaribishwa kuketi.

"Siku ile kantini," Wande akasema. "Nilipokwambia habari ya sikio. Ulijua?"

"Nilijua pale pale."

"Mimi nilidhani umechoka. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, dada Nyamizi anafanya kazi sana, anachoka." Alivuta pumzi, akaikata katikati kwa maumivu. "Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja kusema naweza kuirekebisha. Nitasimama chini ya winchi, niifundishe tena, hata nikianguka mara mia. Kisha wanakili upya. Utapata yaliyo kamili."

"Siyataki."

"Wande..."

"Siyataki mazoea yako. Nitajuaje kuna nini kingine humo ulichokiogopa? Leo asubuhi nimeomba wayafute. Yameshafutwa." Akapigapiga kitu kilichokuwa juu ya shuka, na Nyamizi akasikia vibonyezo elfu nne vikijibu kwa mkwaruzo wa fulana mpya, mjinga mtupu, isiyojua ukuta wala inzi. "Nitaifundisha mwenyewe."

"Itachukua miaka miwili."

"Wewe ilikuchukua miwili. Mimi sijui itanichukua mingapi."

Wande akajivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akaivaa fulana kwa mkono mmoja. Ilimchukua muda mrefu, na alitukana mara mbili, matusi ya mwalimu, yasiyo na makali. Nyamizi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Kisha Wande akasimama. Fulana ilimvamia kwa pamoja, kila kilichomo wodini kikipiga kelele juu ya ngozi yake. Akaguna kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Lakini hakuketi.

Akaenda. Hazikuwa tena nyayo za Nyamizi. Zilikuwa fupi, nzito, zisizolingana, za mtu ambaye Nyamizi hakuwahi kumsikia. Na katikati ya aibu yake yote aliuhisi tena ule wivu ukiinua kichwa, safari hii kwa ajili ya hatua hizi mbovu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nazo. Hakujidanganya kwamba umeondoka. Akaushikilia palepale, kama mtu anayeshika mbwa asimwume mgeni.

Kitoroli cha dawa kilikuwa mbele ya Wande, hatua mbili, kidogo kulia. Nyamizi alikihisi wazi tumboni mwake.

"Kuna kitoroli kulia," alisema haraka. "Na juu yako kuna stendi ya dripu, imeinama. Hiyo, fulana yangu hainionyeshi. Muuguzi alinitahadharisha nilipoingia."

Wande alisimama. Akapeleka mkono mzima juu polepole, akapapasa hewa mpaka vidole vikagusa chuma baridi. Akakishika. Kisha akajigonga kifuani, mara moja.

"Kingine?" aliuliza, bila kugeuka.